Kabla ya Kuvaa Vifuniko Angavu vya Meno: Mwongozo kwa Mkazi wa Bujumbura

Anayetaka kupangwa meno Bujumbura kwa kawaida huanzia Rohero. Ndiko ziliko ofisi, benki, famasi na kliniki nyingi za binafsi, na ndiko watu wa Kinama, Buyenzi na Kanyosha huja wanapotafuta daktari wa kulipia mfukoni. Zamani swali lilikuwa moja tu, waya za chuma ni bei gani. Siku hizi wengi wanauliza vile vifuniko vyembamba vya plastiki vinavyopitisha mwanga, ambavyo mtu huvivaa juu ya meno na anayezungumza naye asivitambue. Karatasi za kliniki, kwa kuwa ni za Kifaransa, huviita gouttières. Nairobi na Dar es Salaam utasikia alaina. Humu nitaviita vifuniko.

Niseme mapema jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote. Unapolipia vifuniko, kitu cha thamani unachonunua si plastiki. Ni daktari aliye karibu nawe, atakayekutazama kinywa mwezi wa kwanza, wa tano na wa kumi na mbili, na anayejua la kufanya jino likikataa kusogea. Plastiki inaweza kutengenezwa popote duniani. Daktari huyo ni lazima awe mahali unapoweza kufika hata wiki ambayo mafuta ya gari yamekosekana mjini. Karibu kila ushauri utakaousoma hapa chini unatokana na hilo.

Jinsi vinavyosogeza meno

Historia ya vifuniko hivi ni fupi. Mwaka 1997 Zia Chishti na Kelsey Wirth, waliokutana wakisoma katika Chuo Kikuu cha Stanford, California, walianzisha kampuni ya Align Technology. Chishti alikuwa amefungwa waya akiwa mtu mzima, na baada ya kuvuliwa alipewa kifuniko cha plastiki cha kushikilia meno yasirudi nyuma. Aliona kwamba akikaa siku kadhaa bila kukivaa meno yalianza kuhama, na akikivaa tena yalisukumwa mahali pake. Akawaza kwamba ikiwa kifuniko kimoja kinaweza kusukuma meno kidogo, msururu wa vifuniko unaweza kuyafikisha mbali. Mwaka 1998 mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa iliruhusu vifuniko vyao, Invisalign, na leo kampuni nyingi zinatengeneza vya namna hiyo.

Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari ubaoni. Kati ya mzizi wake na mfupa kuna nyuzi laini, na mfupa wenyewe ni kitu hai. Jino likisukumwa taratibu kwa muda mrefu, mfupa wa upande unaobanwa huyeyuka kidogo kidogo, na wa upande wa pili hujengeka upya. Kazi hiyo haiharakishwi kwa kuongeza nguvu. Nguvu ikizidi, mzizi wa jino unaweza kufupika. Ndiyo maana kifuniko kimoja husogeza jino kama robo ya milimita tu, kisha baada ya wiki moja au mbili unavaa kinachofuata. Mwenye kasoro ndogo anaweza kumaliza kwa nusu mwaka. Wengi huchukua mwaka mmoja hadi miwili.

Sharti lake ni kuvivaa saa 20 hadi 22 kila siku. Zinazobaki ni saa mbili hadi nne, na ndani yake kuna chakula, kinywaji na mswaki wa asubuhi, mchana na usiku. Wengi huteleza hapa. Waya za chuma hazikuombi ruhusa. Zinafanya kazi ukiwa umelala, umechoka au umezisahau. Vifuniko hufanya kazi vikiwa mdomoni tu, na anayevivua ni wewe. Ikiwa unajijua kuwa mtu wa kuonja kitu kila nusu saa, au kazi yako ni kukaa na wageni mezani mchana kutwa, waya zitakufaa zaidi, na mara nyingi zitakugharimu kidogo. Mzazi anayemfikiria kijana wake wa miaka 14 aupime ukweli huu bila kumwonea haya kijana.

Kinywa kiwe kizima kwanza

Daktari akikubali kuanza vifuniko siku ileile uliyoingia, bila picha ya eksirei na bila kuzitazama fizi zako, ondoka. Meno hayasogezwi katika kinywa kigonjwa. Jino lililooza likifunikwa saa 22 kwa siku linaendelea kuoza gizani, mbali na mate ambayo kazi yake mojawapo ni kulikinga. Fizi zinazotoka damu, ugaga uliojikusanya nyuma ya meno ya mbele ya chini, jino linalotikisika: haya yote hutibiwa kwanza, kisha hupewa muda wa kutulia. Ugonjwa wa fizi hula mfupa, na mfupa ndio unaotakiwa kujengeka jino linaposogea. Mtu aliyepoteza mfupa mwingi akisukumwa meno anaweza kuyapoteza kabisa, tena yakiwa yamenyooka.

Kwa hiyo ziara ya kwanza ya kweli ina mambo haya: fizi kupimwa kina kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita, picha pana ya eksirei inayoonesha taya zote mbili kwa pamoja, picha za kawaida za uso na meno, na maswali juu ya afya yako. Mwambie daktari ukiwa na kisukari, kwa sababu sukari isiyodhibitiwa huzidisha ugonjwa wa fizi. Mwambie kama unavuta sigara. Mwambie kama una ujauzito au unatumia dawa za kuimarisha mifupa, maana baadhi ya hizo hupunguza kasi ya mfupa kujijenga. Ikiwa una jino la kupandikizwa au daraja la meno bandia, ujue kwamba la kupandikizwa halisogei hata kidogo. Limeungana na mfupa, na mpango wote utalizunguka.

Kuna habari nyingine ambayo ukanda wetu unapaswa kuizungumza waziwazi. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki mtoto mchanga akiharisha au akipandwa na homa, baadhi ya watu huamini kwamba chanzo ni vijino vilivyovimba kwenye ufizi, na huvichimbua kwa ncha ya chuma. Uganda huitwa ebiino, Rwanda ibyinyo, Tanzania meno ya plastiki. Kinachotolewa ni chembe changa za meno, mara nyingi za chonge. Mtoto akinusurika na maambukizi, miaka kadhaa baadaye chonge lake la ukubwani linaweza kuota likiwa na umbo baya, kuota pembeni, au kutoota kabisa, na meno jirani hujaza nafasi yakiwa yamepinda. Mtu mzima wa namna hii hukaa kwenye kiti cha daktari akidhani ana meno yaliyobanana tu. Mwulize mama au shangazi yako kama ulifanyiwa hivyo, na umweleze daktari bila kuona haya. Eksirei ikionesha chonge limelala ndani ya mfupa, au halipo, mpango mzima hubadilika, na huenda vifuniko peke yake visitoshe.

Wasomaji waliokulia Arusha na sehemu nyingine za Bonde la Ufa ambako maji yana madini mengi ya floridi wanajua meno ya rangi ya kahawia yenye madoa. Hayazuii vifuniko. Ila vinundu vya kubandikwa, nitakavyovieleza punde, hushika kwa shida zaidi kwenye meno hayo, na daktari akijua mapema atayaandaa kwa namna nyingine.

Usiuze mwanya wako bila kufikiri

Mwanya kati ya meno mawili ya mbele ya juu kwetu ni uzuri. Warundi na Wanyarwanda wana jina lake, inyinya, na pwani mwanya umesifiwa miaka na miaka. Programu za kompyuta zinazopanga vifuniko hutengenezwa mbali, na mpango wa kawaida unaotoka humo huziba kila nafasi, kwa sababu huko meno yasiyo na nafasi ndiyo yanayohesabiwa kuwa mazuri. Nafasi ikishazibwa, kuirudisha ni kazi mpya na malipo mapya.

Kwa hiyo kabla daktari hajatuma chochote maabara, mwambie waziwazi unachotaka kibadilike na unachotaka kibaki: “Dokta, jino hili la chini lililopinda nalitaka linyooke, lakini mwanya wangu naomba uuache.” Mara nyingi inawezekana. Pale ambapo mwanya ni dalili ya meno kusambaa kwa sababu ya ugonjwa wa fizi, yaani haukuwepo ulipokuwa na miaka 20 na sasa unapanuka, huo ni ugonjwa, na daktari lazima akueleze tofauti.

Ningependa pia ujiulize kwa nini unataka kuyapanga. Kuna watu meno yao yanakutana vibaya kiasi kwamba gego moja linabeba mzigo wote na kupasuka, au meno ya chini yanachoma ufizi wa juu. Hao wana sababu ya kiafya na wasicheleweshwe. Kuna wengine wanaotaka tu picha zao za harusi zipendeze. Sababu hiyo pia ni halali, ila haina haraka, na asiye na haraka ana nguvu ya kujadiliana bei na kusubiri daktari anayemwamini.

Kile ambacho kompyuta haikwambii

Utaoneshwa video. Meno yako yaliyopinda yataonekana kwenye kioo cha kompyuta, na mbele ya macho yako yatajipanga safi kwa sekunde chache. Video hiyo ni mpango, na mpango na matokeo ni vitu viwili. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulilinganisha mwendo wa meno ya mbele uliopangwa kwenye kompyuta na uliopatikana kinywani, ukakuta usahihi wa wastani wa asilimia 41. Uchunguzi wa aina hiyohiyo uliochapishwa mwaka 2020, plastiki na programu zikiwa zimeboreshwa, ulikuta asilimia 50. Maana yake si kwamba vifuniko havifai. Maana yake ni kwamba karibu kila mgonjwa atahitaji kupimwa tena katikati ya safari na kutengenezewa seti nyingine ya marekebisho, na swali ni kama seti hiyo imo ndani ya bei uliyolipa.

Vifuniko vinaweza sana kunyoosha meno yaliyobanana kidogo au kiasi, kufunga nafasi ndogo, na kuegemeza meno ndani au nje. Vinahangaika kuzungusha meno ya duara kama chonge na magego madogo, kulivuta jino kutoka kwenye ufizi kwenda chini, na kufunga pengo kubwa la jino lililong'olewa. Tatizo likiwa kwenye taya zenyewe, mfano taya la chini kutokeza mbele sana, plastiki haitalirudisha kwa mtu mzima. Huko ni upasuaji pamoja na waya. Daktari anayekwambia “kwako vifuniko havifai” amekufanyia wema, mshukuru.

Pia ujiandae kwa mambo mawili yasiyotajwa kwenye matangazo. La kwanza ni vinundu vidogo vya rangi ya jino vinavyobandikwa juu ya baadhi ya meno ili plastiki ipate pa kushikia. Kwa hiyo vifuniko havifichiki kabisa, na aliye karibu sana nawe ataviona. La pili ni kusuguliwa ubavu wa meno kwa utepe mwembamba wa msasa ili nafasi ipatikane bila kung'oa. Kinachoondolewa kati ya jino na jino kwa kawaida hakizidi nusu milimita na hakiumi, lakini hakirudi tena. Una haki ya kujua kabla: meno yapi, kiasi gani, kwa nini.

Mazungumzo ya kliniki, kabla hujatoa faranga

Madaktari bingwa wa kupanga meno Burundi ni wachache. Kazi hii mara nyingi itafanywa na daktari wa meno wa kawaida aliyepata mafunzo ya kampuni fulani, na kwa kesi nyepesi hilo linakubalika. Mwulize amesomea wapi, amekamilisha wagonjwa wangapi, na akuoneshe picha za kabla na baada za watu aliowatibu mwenyewe, wala si za kwenye kijitabu cha kampuni. Mwulize nani hasa anapanga mwendo wa meno: yeye, au fundi wa nchi nyingine asiyewahi kukuona? Jibu zuri ni kwamba fundi huandaa rasimu na daktari huirekebisha kabla ya kuikubali. Anayeikubali kama ilivyokuja hakufai.

Omba devi ya maandishi, yaani makadirio ya bei. Ndani yake pawe na idadi ya vifuniko, ziara za ufuatiliaji, eksirei, seti za marekebisho, vifuniko vya kushikilia mwishoni, na gharama ya kifuniko kikipotea. Mambo haya yasipoandikwa huja baadaye moja moja, kila moja na bei yake. Uliza nani atalipa ushuru wa OBR, mamlaka ya mapato, kwa kifurushi kinachotoka nje. Ikiwa una kadi ya Mutuelle de la Fonction Publique au bima nyingine, peleka devi hiyo kwao upate jibu la maandishi kabla ya kuanza; bima nyingi duniani huhesabu kupanga meno kuwa urembo.

Sarafu ni suala zito. Maabara hulipwa kwa fedha za kigeni, na faranga yetu imetikisika. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga kwa kiasi kikubwa, na bei ya dola benki na bei ya dola mtaani si kitu kimoja. Ukikubaliana bei kwa dola utakazolipa kwa mafungu mwaka mzima, unaweza kuishia kulipa faranga nyingi kuliko ulizokadiria siku ya kwanza. Jaribu kufunga bei kwa faranga, na gharama ya maabara uilipe mapema ili vifuniko vyote vifike kwa pamoja. Malipo ya ufuatiliaji ndiyo yagawanywe kwa ziara. Kulipa kila kitu siku ya kwanza kunakuondolea sauti. Kulipa kidogo sana kunamfanya daktari ashindwe kuagiza.

Vifuniko kufika vyote kwa pamoja kuna faida nyingine. Mpaka wa nchi kavu kati ya Burundi na Rwanda ulipofungwa Januari 2024, mgonjwa aliyekuwa akitibiwa Kigali alikatikiwa na safari ya basi ya saa chache. Yanayotokea mpakani hayako mikononi mwako wala mwa daktari wako. Ukienda kutibiwa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, jua kwamba si safari moja. Tafuta kwanza daktari wa Bujumbura atakayekubali kuwasiliana na yule wa ugenini, kutazama vinundu, na kukupokea kifuniko kikikuumiza. Wale wa Uvira wanaovuka Gatumba kuja kutibiwa Rohero wafanye hivyohivyo kwa upande wao.

Ombi la mwisho kabla ya kusaini: faili la skana ya meno yako. Kliniki zenye skana hupiga umbo la meno kwa kamera ndogo. Zisizonayo hutumia ute unaoganda kwenye sinia, na zote mbili zinafaa zikifanywa kwa uangalifu. Ikiwa ni skana, faili lake linaingia kwenye simu yako. Daktari akihama nchi au kliniki ikifunga, mwingine anaweza kuanzia hapo.

Vifurushi kutoka Ulaya na Marekani

Wengi wetu tuna ndugu Brussels, Montreal au kwingineko, na kuna nyakati binamu huandika kwa upendo kwamba huko vifuniko vinauzwa kwa posta, nusu ya bei, atakutumia sanduku la kujipimia nyumbani. Mwambie ahsante, na umweleze yafuatayo. Kampuni kubwa kuliko zote za biashara hiyo, SmileDirectClub ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2014, ilifilisika na kufunga milango Desemba 2023. Wateja waliokuwa katikati ya matibabu walibaki bila wa kumwuliza, dhamana zao zikafutwa, na waliokuwa wakilipa kwa mafungu wakaambiwa waendelee kulipa. Oktoba 2024 kampuni nyingine ya aina hiyo, Byte, ilisimamisha mauzo ya vifuniko vyake. Waliokwama ni watu wa nchi yenye madaktari wa kupanga meno kila mtaa. Aliyekwama Ngagara au Musaga atakwenda kwa nani?

Zaidi ya biashara, kuna hatari ya mwili. Aliyejipima nyumbani hajapigwa eksirei wala kupimwa fizi, na hakuna aliyeona kama chini ya jino lake kuna usaha au mfupa uliokwisha. Na vile vipande vya silikoni vya saizi moja kwa wote vinavyouzwa mitandaoni vikidai kunyoosha meno usiku, pamoja na waya za urembo zinazobandikwa na mafundi wa saluni, usiviguse. Nguvu inayosukuma jino bila mpango italisukuma popote.

Kuishi navyo

Siku mbili tatu za kwanza za kila kifuniko kipya meno hubana na kuuma kiasi, parasetamoli inatosha. Badilisha usiku kabla ya kulala, ili saa za maumivu zipite ukiwa usingizini. Kwa anayefunga Ramadhani, vaa kipya baada ya futari, dawa unaweza kuimeza usiku huo, na mchana kutwa kifuniko kinakaa mdomoni bila kuvuliwa. Kwa kweli Ramadhani ni mwezi mwepesi kwa vifuniko, mradi mdomo usafishwe vizuri baada ya daku.

Maji matupu ndicho kinywaji pekee unachokunywa ukiwa umevivaa. Chai ya moto huikunja plastiki, na kifuniko kilichokunjika hakisukumi jino linalostahili. Fanta ni mbaya zaidi, kwa sababu sukari na asidi hunaswa ndani na kukaa juu ya jino saa nzima. Bia nayo vua. Bugali, maharage, ndagala, brosheti, vyote kula kama kawaida, hii ndiyo raha ya vifuniko ukilinganisha na waya, kisha piga mswaki au angalau sukutua kabla ya kurudisha. Maji ya Regideso yakiwa yamekatika, chupa ndogo ya maji ya kunywa ndani ya mkoba itakuokoa. Visafishe kwa maji baridi na sabuni laini. Maji ya moto kamwe, na usiviache ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Sherehe zetu ni ndefu. Mahari na harusi huchukua mchana mzima, na kila meza ina chupa. Amua kabla ya kwenda kwamba utavua mara moja, utakula na kunywa, kisha utarudisha. Weka kwenye kisanduku chake, si kwenye karatasi ya kufutia mikono, maana karatasi hukusanywa na wahudumu na kutupwa. Hivyo ndivyo vingi hupotea. Kikipotea, mpigie daktari siku hiyohiyo. Huenda akakwambia uende kinachofuata, au urudi kilichotangulia, ndiyo maana kifuniko cha zamani hakitupwi hadi kipya kikae vizuri.

Kati ya ziara, mtumie daktari picha za meno kwa WhatsApp ukiwa umevaa kifuniko. Ukiona upenyo kati ya ncha ya jino na plastiki unazidi kukua, simama, usiendelee kuvaa vipya kwa sababu tu tarehe imefika. Jino moja limebaki nyuma, na kila kifuniko kipya kitazidi kuliacha.

Baada ya kumaliza

Meno yaliyosogezwa hutaka kurudi yalikotoka. Nyuzi zinazoyashika huchukua miezi mingi kutulia, na hata baadaye meno ya mtu mzima huendelea kuhama kidogo kidogo kadiri umri unavyosonga. Kwa hiyo siku ya mwisho ya matibabu unapewa kifuniko kingine, kigumu zaidi, cha kushikilia, ambacho Wafaransa huita contention. Mwanzoni huvaliwa muda mwingi wa siku, kisha usiku tu, na usiku huo hauna tarehe ya mwisho. Wengine hugundishiwa uzi mwembamba wa chuma nyuma ya meno ya mbele. Huo hauhitaji kukumbukwa kuvaliwa, lakini hukusanya ugaga na lazima utazamwe kila unaposafishwa meno. Plastiki ya kushikilia nayo huchakaa na kupasuka, ikahitaji kutengenezwa upya, na kazi hiyo inaweza kufanyika Bujumbura palepale kwa mashine ya kuyeyushia plastiki juu ya kielelezo cha meno yako. Omba upewe viwili, kimoja cha akiba.

Ikiwa devi yako haina mstari wa vifuniko vya kushikilia, usisaini hadi uandikwe. Na ikiwa fedha ulizonazo zinatosha vifuniko vya kusogeza lakini hazitoshi vya kushikilia, subiri, endelea kuweka akiba, na katika kipindi hicho nenda ukasafishwe ugaga na kuzibwa matundu. Hayo mawili utayahitaji kwa vyovyote, yawe meno yamenyooka au yamepinda.